Nyama ya Baba, Mchuzi wa Mtoto

Mpanda, ukisema mwanao ana damu kidogo, kila jirani ana dawa yake na karibu zote ni nyekundu. Mmoja ataleta rozela ya kuchemsha, mwingine bitiruti, wa tatu atakushauri ukoroge soda na nyanya ya kopo. Mdogo wangu, aliyeolewa huko, aliyapata mashauri hayo yote ndani ya juma moja, baada ya mwanawe wa mwaka na ushee kupimwa kliniki na kukutwa damu haitoshi. Nesi alimwambia ampe vyakula vyenye madini ya chuma, kisha akamwita anayefuata, maana foleni ilikuwa ndefu. Usiku ule akanipigia simu. "Dada, wewe umelea watoto huku. Hivyo vyakula vya chuma hapa kwetu ni vipi, na huyu hata magego hana?"

Tulizungumza mpaka salio lake likaisha. Nilipolala, miaka yangu ya Mpanda ilinijia yote.

Nilihamia huko 2009 kufundisha shule ya msingi. Nilifika kwa treni ya kutoka Tabora, kwa reli iliyojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi, wakati Mpanda ingali wilaya ya mkoa wa Rukwa. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa na Mpanda makao yake makuu. Wanangu wawili walizaliwa pale, mmoja kabla ya mkoa na mwingine baada yake. Ukiuliza kuna nini cha kula, utachoka kuorodhesha: mahindi, mpunga, maharage, karanga, mihogo, asali ya miombo, ng'ombe waliohamia na wafugaji wa Kisukuma, dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika. Niliyoyaona katika miaka ile yalinionyesha kwamba chuma kimo nyumbani tayari. Kinachopungua ni mkono wa kukifikisha kwenye kibakuli cha mtoto, kwa namna ambayo mwili wake utakipokea.

Somo la kwanza nililipata darasani kabla sijawa mama. Nilikuwa na darasa la kwanza, na chaki zilikuwa zinaisha upesi kuliko nilivyoandika. Asubuhi moja nikamkuta msichana nyuma ya mlango, midomo imepakaa unga mweupe, anatafuna taratibu bila wasiwasi wa kukutwa.

"Unakula nini?"

"Chaki, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Tamu."

Nilipomshika mkono nikaona kiganja kimepauka. Hakuwa peke yake. Walikuwapo waliobandua udongo wa ukutani, na waliokuwa wakisinzia hata saa nne haijafika, wakati wenzao wanapigania mpira wa makaratasi. Uongozi uliamua chaki zifungiwe kabatini. Mwalimu mwenzangu, mama mtu mzima mwenyeji wa Inyonga, alitikisa kichwa akasema, "Mnamfungia chaki, na damu yake nani anaishughulikia?"

Miaka ilipita ndipo nikasoma kwamba hamu ya kula udongo, chaki au barafu ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma, ingawa si kila anayekula udongo ana tatizo hilo. Nilisoma pia jambo zito zaidi. Chuma hakifanyi kazi ya damu peke yake. Ubongo unaokua unakihitaji, na mtoto aliyekikosa katika miaka miwili ya mwanzo anaweza kurudishiwa damu yake yote lakini asirudishiwe yote aliyopoteza katika umakini na kujifunza. Mtoto tunayemwita mzito darasani akiwa na miaka saba, pengine uzito huo ulianza akiwa hajajua kutembea. Mwalimu wa darasa la kwanza hupokea matokeo ya jikoni ya miaka mitano iliyopita.

Nilipopata ujauzito wa kwanza, wanawake wa mtaani walinikaribisha katika chama chao cha kutafuna pemba, ule udongo wa kuoka unaouzwa sokoni kwa mafungu. Kliniki walinipa vidonge vya chuma na foliki asidi, na mkunga mmoja akatusimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyoichukua kwa mama, na akiba hiyo ni kama mahindi ya ghalani yasiyo na msimu mwingine mbele. Mtoto aliyetimia uzito, akizaliwa na mama mwenye damu ya kutosha, huitumia kwa miezi sita hivi. Njiti na pacha huzaliwa na pungufu. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kisichofika nusu miligramu kwa lita, ingawa hicho kidogo hufyonzwa vizuri. Mkunga yule alikuwa na desturi ya kusubiri kidogo kabla ya kufunga na kukata kitovu, ili damu iliyobaki kwenye kondo imfikie mtoto. Shirika la Afya Duniani nalo hupendekeza kisikatwe kabla ya dakika moja, kwa sababu subira hiyo ndogo huongeza akiba. Kwa hiyo mapishi ya chuma huanza mimba ikiwa changa, na baada ya mwezi wa sita uji ndio unaobeba mzigo.

Na uji wetu haukuwa na nguvu za kuubeba. Mwanangu wa kwanza alianza na uji wa sembe na sukari, chakula cha watoto wote wa mtaa. Alipokaribia mwaka alianza kulamba ukuta wa jiko la nje, pale udongo ulipolowa mvua. Nilimkumbuka msichana wa chaki, nikambeba kwenda zahanati. Mhudumu alivuta chini kope la jicho lake na kunionyesha utando wa ndani, uliotakiwa kuwa mwekundu. Ulikuwa karibu na rangi ya karatasi. Alimtoboa kidole akapima malaria, kisha damu. Wakati huo mtoto wa umri ule alihesabiwa ana upungufu akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, na wangu alikuwa amebaki na nane na kidogo. Tulipewa dawa ya maji yenye chuma na kuelezwa kipimo, na kwamba choo kitakuwa cheusi tusiogope. Kisha mhudumu akauliza swali ambalo bado naliona la thamani kuliko ile chupa: "Mama, jana nyumbani mlikula nini, na yeye alikula nini?"

Yalikuwa majibu mawili tofauti. Sisi tulikula nyama.

Hapo niseme jinsi nyama ilivyokuwa ikigawanywa nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi nilizoalikwa, iwe za Wafipa, Wabende, Wakonongo au Wasukuma. Minofu ilikwenda kwa baba na wageni. Wavulana wakubwa walifuata. Akina mama tulibaki na mifupa na maongezi. Mtoto mdogo alimwagiwa mchuzi juu ya ugali, na mchuzi huo ulitolewa kwa upendo mtupu. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutusaidia kulea, aliamini hivyo kwa dhati. "Mchuzi ndio wenye nguvu yote, mwanangu. Nyama ni makapi." Maini, kama yalipatikana, yaliishia buchani kwa wanaume waliowahi asubuhi. Mayai nayo wapo waliosema humfanya mtoto awe mwizi.

Lakini chuma hakiogelei sana. Mchuzi huchukua chumvi, mafuta na ladha, na chuma kingi hubaki ndani ya nyama. Kuna hesabu moja ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila bucha. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 za chuma kwa siku, na wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji 7. Mwanamume mzima anahitaji 8. Huyu wa kubebwa mgongoni anadai chuma karibu sawa na baba yake, au zaidi yake, na tumbo lake ni dogo kuliko ngumi mbili za baba huyo. Haiwezekani alijaze kwa mchuzi.

Nilimweleza baba watoto aliyoyasema mhudumu. Mama mkwe nilimwachia mwanawe, kwa kuwa si mimi wa kumfundisha mama yule kugawa chakula. Jumapili iliyofuata baba watoto alichukua mnofu kwenye sahani yake mwenyewe, akaukata kukatisha nyuzi, vipande vidogo sana, akauweka kwenye kinu cha vitunguu saumu na kijiko cha mchuzi, akatwanga mpaka nyuzi zikaachana na kuwa uji mzito. Tukauchanganya na ugali laini. Mtoto alikula akataka tena. Mama mkwe aliangalia yote kimya, kisha akasema, "Kumbe hata asiye na meno anakula nyama." Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa akitwanga, na hakuna mjukuu aliyewahi kupewa mchuzi mtupu mbele yake. Maini tulianza kuyanunua kidogo, mara moja kwa juma au mara mbili. Hayahitajiki kila siku, kwani yana vitamini A nyingi mno, na watoto wetu tayari hupewa matone yake kliniki.

Nyama, hata hivyo, ni ya siku ya mshahara. Siku nyingine zote zilikuwa za dagaa. Aliyenifundisha alikuwa muuzaji mmoja sokoni, mwanamke wa Katumba, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa 1972. Dagaa wake walitoka Ikola na Karema, kwenye mwambao wa ziwa. Aliponiona nachagua wa bei ya chini alinishika mkono. "Hao ni wa kuku, mwalimu. Wameanikwa mchangani." Alinifundisha pale pale, amechuchumaa kando ya meza yake. Unawapepeta kwenye ungo, unawaosha kwa maji ya uvuguvugu mpaka maji yasibaki na mchanga chini ya beseni, unawaanika wakauke kabisa. Kisha unawakaanga bila mafuta kwa moto mdogo, mpaka ukimvunja mmoja akatike kwa sauti. Unatwanga, unachekecha kwa chekecheke ya unga, unaweka kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Kijiko kimoja kinaingia kwenye uji au ugali laini wa mtoto. "Anza na nusu kijiko, asije akakataa harufu," alisema, "na usitwange wa mwezi mzima, wataoza mafuta."

Somo la dagaa lilinipeleka kwenye jambo ambalo mapishi yetu hayalizingatii. Kinacholiwa pamoja na kingine kina uzito sawa na chakula chenyewe. Chuma cha nyama, maini na samaki hupokelewa na mwili kwa urahisi. Chuma cha maharage, ulezi, mchicha na matembele ni kigumu, na sehemu kubwa hupita tu, kwa sababu nafaka na jamii ya maharage zina vitu vinavyokishikilia kisifyonzwe. Lakini nyama au dagaa kidogo ndani ya maharage huyasaidia maharage yenyewe. Vitamini C husaidia zaidi: kipande cha embe, papai au chungwa baada ya chakula, au ubuyu uliolowekwa. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake kunapunguza vile vizuizi, na kuotesha ulezi kuwa kimea kunafanya hivyo hivyo. Msimu wa maembe ukifika Mpanda, yanaoza chini ya miti. Nilikuwa nikitazama yale yanayooza na kufikiri juu ya maharage yote yaliyoliwa bila embe mtaani.

Kuna pia vinavyonyang'anya. Katika nyumba nyingi za mtaa wetu mtoto alianza siku kwa chai ya rangi, anachovya andazi kwenye kikombe cha mtu mzima, na mchana akapewa tena baada ya maharage ili "yateremke". Majani ya chai yana tanini, nayo hukamata chuma kabla tumbo halijakichukua. Mtoto mdogo hana anachopungukiwa asipokunywa chai. Maziwa ya ng'ombe ni habari nyingine. Jirani zetu walikuwa wafugaji, na kijana wao mdogo alishinda na kikombe cha maziwa mkononi. Alikuwa na mashavu ya kupendeza, na kila mwezi alama yake kwenye kadi ya kliniki iliangukia rangi ya kijani. Siku alipougua na kupimwa damu, ilikuwa chini kuliko ya mwanangu. Maziwa yana chuma kidogo sana, yakijaza tumbo chakula hakiingii, na kwa asiyetimiza mwaka yanaweza hata kusababisha damu kuvuja kidogo kidogo ndani ya utumbo. Wazazi wake walishangaa. Mimi nilitoka pale nimejua kwamba mizani haipimi damu, na kwamba unene wa mtoto umetufumba macho wengi.

Mvua za masika zilipoanza, tulijua kitakachofuata. Malaria Katavi si mgeni wa kubisha hodi, na kila homa huvunja chembe nyekundu na kuuzuia mwili usifyonze chuma ipasavyo mpaka utulie. Ukiongeza safura, minyoo inayoingia kwa nyayo zisizo na viatu na kunyonya damu utumbuni, utaona mtoto anaweza kula vizuri na bado akapungukiwa. Chandarua, ndara na dawa ya minyoo inayotolewa pamoja na matone ya vitamini A mwezi Juni na Desemba, vyote ni sehemu ya lishe ya chuma, hata kama havipikwi.

Wakati wa homa hizo ndipo watu hukimbilia duka la dawa na kununua chupa ya kuongeza damu bila kipimo chochote. Kisiwani Pemba watafiti waliwahi kuwapa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35 vidonge vya chuma na foliki asidi kila siku, katika utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 24,000. Mwaka 2003 walilazimika kusitisha vidonge vyenye chuma, kwa sababu watoto waliovipata walilazwa hospitalini au kufariki zaidi ya wenzao. Matokeo yalichapishwa 2006 katika jarida la Lancet na yakabadilisha miongozo duniani: penye malaria, dawa ya chuma iende sambamba na kinga, upimaji na tiba ya malaria. Hata hivyo, katika sehemu ya utafiti huo ambako watoto walipimwa, waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Kwa hiyo dawa si adui. Apewe mtoto aliyepimwa, kwa kipimo alichoandikiwa, na chupa ikae juu kabatini, maana wingi wake ni sumu kwa mtoto. Chakula chenye chuma hakina hofu hiyo, ndiyo maana nakitetea kwanza.

Mdogo wangu nimempangia hivi. Dozi aliyoandikiwa aimalize na kurudi kupima. Dagaa wa unga kila siku. Mnofu uliotwangwa kila nyama ikipikwa, maini kidogo wiki inayopatikana. Yai asiliogope. Embe au papai kila penye maharage. Chai isimfikie mtoto, maziwa yasizidi vikombe viwili kwa siku. Rozela anywe yeye mwenyewe akiipenda, kwa kuwa wekundu wa kinywaji si ushahidi wa chuma.

Nimempangia yeye, lakini jambo hili si la nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Kwa upande wa udumavu, ule wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto au zaidi wamedumaa katika baadhi ya mikoa inayolisha nchi. Rukwa, tuliokuwa nayo mkoa mmoja, ilifika asilimia 49.8. Kanuni za 2011 zilivitaka viwanda kuongeza virutubishi, chuma kikiwemo, kwenye unga wa ngano na wa mahindi, lakini mama wa Mpanda anasagisha mahindi yake kwa mashine ya jirani, na unga huo hauongezwi kitu. Mashine hizo ndogo zikipatiwa vifaa vya kuchanganyia, kazi itakuwa imefika mlangoni.

Mpaka hapo, kuna jambo lisilosubiri bajeti. Masomo ya lishe kliniki na katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji huhudhuriwa na akina mama, na huwa nafikiria mhudumu yule aliyeniuliza tulikula nini. Mimi nilijua jibu, ila mwenye sahani ya minofu hakuwepo kulisikia, na mwenye desturi ya mchuzi alikuwa nyumbani anachambua mchicha. Waalikwe wote wawili. Baba aitwe kwa jina lake, bibi atumiwe mjukuu amshike mkono, na kinu kiwekwe mbele yao watwange nyama ile ile waliyozoea kuigawa. Nyumbani kwetu, ukiacha yale maini kidogo, hatukununua hata gramu moja ya nyama ya ziada. Tulibadilisha mgao, na mtoto akaacha kulamba ukuta.